Mzee Uongo na Ndege ya Kupima Maji

Telesphory Mniko hakuiamini redio, na upande wote wa Kewanja hapakuwa na mtu aliyeisikiliza kumzidi. Alikuwa nayo ya betri sita, ya mbao, imepasuka kona moja ikafungwa kwa waya. Kila siku saa saba mchana aliitoa nje, akaiweka juu ya kinu kilichofudikizwa, majirani wakaketi na taarifa ya habari ikaanza. Betri zikichoka alizianika juani kwenye mkeka mmoja na mtama, na zikipata joto zilisema siku mbili tatu tena. Msomaji akimaliza, watu hawakuitazama redio. Walimtazama Telesphory. Naye alikohoa, akatema mate pembeni, akatoa hukumu ambayo kwa miaka mingi ilikuwa neno moja tu.

"Uongo."

Mavuno ya pamba yamevuka lengo? Uongo. Mtambo mpya umewasili bandarini, utalima ekari mia kwa siku? Uongo, na kama si uongo basi utaharibika kabla haujafika Musoma. Mwaka sitini na tisa redio ilipotangaza kwamba Wamarekani wametembea mwezini, Telesphory alicheka mpaka akashika mbavu. Aliuliza nani alikuwa kule kuwaona. Halafu akawaeleza majirani kwamba wenye mali wakitaka kukuibia kitu kilicho chini ya miguu yako, wanakuonyesha kitu kilicho juu ya kichwa chako. Watu walicheka wakampa jina, Mzee Uongo, na yeye akalipokea kama mtu aliyepewa ng'ombe.

Hakuzaliwa hivyo. Ujanani alifanya kazi katika mgodi wa Wazungu, kubeba mawe kwanza, kisha kusukuma pampu ya kutoa maji shimoni. Asubuhi moja wakubwa wa mgodi waliwapanga mstari, wakawaambia kwa upole mwingi kwamba dhahabu imekwisha, kila mtu arudi kwao. Wiki ile ile Telesphory akawaona wakimimina zege kwenye mdomo wa shimo. Alirudi nyumbani na blanketi moja na swali moja: kama imekwisha, wanaziba nini? Alimuuliza padri, akamuuliza mwalimu, akamuuliza bwana shamba. Hakuna aliyemjibu. Tangu hapo akajua kwamba neno lolote linaloshuka kutoka juu likiwa limepakwa asali limefunika jingine, na kazi ya mtu mwenye akili ni kulikataa lile la kwanza hata kama hatalijua la pili.

Kidonda chake cha pili alikificha. Baba yake alikuwa mmoja wa wazee wa inchama, baraza la siri la Wakurya linaloangalia mvua, maradhi na ardhi, na ambalo maneno yake hayatoki nje hata mke asiyasikie. Baba alipokufa, Telesphory alitegemea kuitwa. Hakuitwa. Mzee mmoja alimwambia wazi kwamba mdomo wake hauna mlango. Telesphory alitania kwamba wazee wale wanaficha njaa tu, lakini neno lile lilimuuma, na liliendelea kumuuma kila alipowaona wazee wakielekea porini kimya kimya, fimbo mkononi, bila kugeuka nyuma.

Nyumba ya pili kutoka kwake, juu ya kilima walichokiita Mawe Meupe, aliishi Laurensia, mjane wa kaka yake Waitara. Waitara alizikwa karibu na mlango wa zizi lake, kama inavyompasa mwenye mji, na Laurensia alilifagia kaburi lile kila asubuhi kabla hajafagia uwanja. Hakuwa mwanamke wa maneno. Katika wote waliokuja kusikiliza redio, yeye peke yake hakucheka. Alikaa na ungo wake akipepeta, akingoja neno la shemeji, na akilipata aliondoka nalo. Hakupanda hata maharage bila kumuuliza. Wengine walimsikiliza Telesphory kwa sababu aliwachekesha. Huyu alimsikiliza kwa sababu alimwamini, na kwa bahati mbaya Telesphory hakuwahi kuona tofauti.

Mwaka sabini na mbili, baada ya mavuno, ikaja ndege.

Ilikuwa ndogo, ikiruka chini kiasi kwamba kuku walijificha na ng'ombe wakakata kamba. Nyuma yake ilikokota kitu kirefu cha chuma kwenye waya. Haikwenda popote. Iliruka kutoka mtoni hadi milimani, ikageuka, ikarudi, kama mtu anayelima matuta, siku tisa mfululizo. Siku ya tatu redio ikaeleza: wataalamu wa serikali, wakishirikiana na kampuni rafiki ya ng'ambo, wanapima maji yaliyo chini ya ardhi kwa mtambo wa kisasa kabisa, ili kila kijiji kipate kisima.

"Uongo," alisema Telesphory, na watu wakaenda zao wameridhika.

Ndege ilipoondoka likaja gari la Landrova, na ndani yake alikuwamo Ponsiano. Huyu alikuwa mtaalamu wa miamba, mtu wa Bukoba, miaka thelathini na ushei, mpole, viatu vyake safi hata kwenye matope. Alikuwa anauliza kijiji hadi kijiji nani aliwahi kufanya kazi mgodini, na wote walimwonyesha nyumba moja.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, mura, kijana wangu. Umekuja kupima maji?"

Ponsiano alimtazama. Kisha akatazama huku na huku, akamwomba watembee kidogo. Walipanda hadi penye mawe yaliyokipa kilima jina lake, Ponsiano akaketi juu ya mojawapo na kusema kwa sauti ya chini, "Mzee, wewe si mtu wa kudanganywa. Hatupimi maji."

Telesphory akaketi kando yake. Miaka kumi na tano alikuwa akiyakataa maneno ya juu bila kuambiwa hata mara moja yaliyofichwa nyuma yake, na sasa mtu wa serikali mwenyewe alikuwa anamfunulia.

"Ni dhahabu," alisema Telesphory.

"Ni dhahabu. Ila hii ni siri." Ponsiano alifungua mfuko wa ngozi, akamwonyesha jalada. Juu yake, kwa wino mwekundu, palipigwa muhuri: SIRI. "Neno hili likitoka, mimi nafungwa, na wewe pia. Tunamwambia mtu mmoja tu kila mahali. Mtu wa kifua."

Mtu wa kifua. Sisi tunaoisikia hadithi hii leo tunaweza kumcheka, lakini yeye aliusikia muhuri ule kwa masikio ya nyumbani kwao. Katika kabila lake siri ya wazee hufichwa kwa ajili ya watu, ili mvua isiibiwe na ardhi isirogwe, na anayeitunza anawatunza wote walio nje yake. Hakujua kwamba kuna siri ya namna nyingine, inayofichwa dhidi ya watu. Mwanamume aliyekataa habari ya mwezi alidhani ameitwa kwenye inchama ya serikali.

"Na wenyeji?" aliuliza, maana hakuwa mjinga kabisa.

"Wenyeji watakumbukwa," alisema Ponsiano, na inawezekana mwenyewe aliamini.

Kwa siku nne Telesphory alimtembeza. Alimwonyesha mahali ambapo baba yake alichekecha mchanga, alimwonyesha mwamba mweupe unakoingilia na unakotokea, alimpimia kwa hatua umbali kutoka kwenye zizi la Waitara. Ponsiano aliandika yote. Siku ya kuondoka alimpa mkono kwa mikono miwili, akamwachia betri sita mpya, bado zimo kwenye karatasi. Telesphory hakuziita hongo. Aliziita heshima.

Miezi michache baadaye Balozi Kisyeri, kiongozi wa nyumba kumi, alipita akitangaza kijiji kipya cha ujamaa kitakachopangwa kule chini, kando ya barabara. Bado ilikuwa hiari. Watakaojiandikisha mapema watachagua viwanja, na vizuri vilikuwa vile vya karibu na kijito, udongo mweusi, muhogo unaota wenyewe. Wa mwisho watapewa kitakachobaki, na kila mtu alijua kitakachobaki ni mbuga ya udongo wa mfinyanzi inayotuamisha maji.

Laurensia alikuja mchana ule ule, mapema kuliko redio. Hakuja na ungo.

"Shemeji, Balozi ameniwekea kiwanja cha kijitoni mpaka Jumamosi. Nikishuka, namwacha Waitara peke yake. Nisiposhuka na baadaye tukafukuzwa, nitakosa vyote. Lakini wanasema hii ndege ilikuwa ya maji. Kama kisima kitachimbwa hapa, hawatatuhamisha, si ndiyo? Watakileta kijiji huku juu. Basi nijenge hapa hapa nyumba ya maana." Alisogea karibu. "Wewe ulisema uongo. Kama ni uongo, ile ndege ilikuwa ya nini?"

Majirani walishaanza kufika na vigoda vyao. Wote walisikia swali, wote wakamgeukia. Telesphory aliiona hatari. Kusema "sijui" kusingefaa, maana Mzee Uongo akisema hajui, watu wangenusa. Akamfikiria Ponsiano gerezani. Akafikiri pia, na hili ndilo lililomtuliza, kwamba dhahabu ikitoka wenyeji watakumbukwa, na wa kukumbukwa ni wale watakaokutwa kilimani. Afadhali Laurensia abaki. Alikuwa anamlinda. Siri ilikuwa inamlinda.

"Maji," alisema.

Watu walitazamana. "Redio ilisema maji," alisema Balozi Kisyeri, "wewe ukasema uongo."

"Safari hii redio imesema kweli."

Kama angesema jua limechomoza Magharibi wasingeshangaa zaidi. Na kwa kuwa ni yeye aliyesema, mtu asiyeamini kitu, habari ile ikawa kweli kuliko kitu chochote kilichowahi kutangazwa pale. Nyumba saba zilizokuwa zimejiandikisha zilifuta majina. Laurensia alirudi kwake anaimba, jambo ambalo hakulifanya tangu Waitara afe.

Aliuza fahali wake wa mwisho na kuwafyatulisha watu matofali. Kiangazi cha mwaka sabini na tatu kilima chote kikamfanyia risaga, ile kazi ya kusaidiana inayolipwa kwa pombe ya mtama na mlo mkubwa, na Telesphory ndiye aliyesimamia kuta, mlango ukaelekezwa kwenye kaburi la Waitara kama mwenye nyumba alivyotaka. Ilikuwa nyumba nzuri. Laurensia aliacha sehemu karibu na dirisha bila kupanda kitu, akasema hapo ndipo bomba litapita. Telesphory aliposikia hivyo alikwenda nyuma ya zizi akasimama huko kitambo. Mdomo wake ambao haukuwa na mlango sasa ulikuwa umefungwa kabisa, na ajabu ni kwamba alijisifu moyoni. Laiti wazee wangemwona.

Agosti ya mwaka sabini na nne, hiari ikaisha. Malori matatu yalipanda kilima asubuhi pamoja na mgambo, na aliyeongoza alikuwa na karatasi. Telesphory alimfuata kwa utulivu, akasema kwa sauti ya chini kwamba pana makosa, kwamba yeye ni mtu anayejua mambo ya kilima hiki, aulizwe Ponsiano. Yule mkubwa hakuwa anamfahamu Ponsiano yeyote. Karatasi yake ilisema Mawe Meupe hapana makazi, ni eneo tupu, na waliopo wamevamia.

"Eneo tupu?" Telesphory alisema. "Na sisi?"

"Nyinyi mtakuwa watupu msipopanda lori, mzee."

Waliezua nyasi kwanza, kisha wakasukuma kuta. Nyumba ya Laurensia iliwachukua muda kwa sababu ilijengwa vizuri. Yeye hakulia. Alichota udongo wa kaburi la mumewe kwa mikono, akaufunga kwenye khanga, na alipopandishwa lorini alimwita shemeji yake amshikie mzigo huo mpaka akae sawa. Telesphory aliushika. Ulikuwa mzito kuliko alivyotegemea.

Viwanja vya kijitoni vilikwisha kuchukuliwa. Watu wa Mawe Meupe walipewa mfinyanzi.

Mara mbili Telesphory alikwenda Tarime kwa miguu na kwa kudandia magari, kuuliza bomani. Mara ya pili karani alimruhusu kuingia. Telesphory alimweleza kwa tahadhari, akitazama mlangoni, kwamba amekuja kwa sababu ya lile jalada lenye muhuri mwekundu, la ndege.

"Hilo ni siri, mzee," alisema karani bila kuinua kichwa.

"Najua. Mimi ni mmoja wa walioambiwa."

Karani sasa aliinua kichwa. Aliita mwenzake wa chumba cha pili, akamwambia, "Njoo usikie, huyu mzee ni mwenye siri za serikali." Walicheka kwa dakika nzima, si kwa ubaya, kama watu wanavyocheka mchana wa joto kazini. Kisha wakampa maji ya kunywa. Ponsiano alikuwa amehamishwa. Wapi? Hiyo nayo hawakuwa na ruhusa ya kusema.

Alirudi bila kumwambia mtu alikokwenda. Zile betri mpya zilikuwa zimekufa siku nyingi. Alizianika tena na tena mpaka zikavuja maji ya kutu kwenye mkeka, mtama wa pale ukatupwa.

Kijiji kipya hakikuwa na kisima, na kijito kilikauka kila kiangazi. Wanawake waliendelea kupanda Mawe Meupe kuchota kwenye chemchemi yao ya zamani, hadi mwaka sabini na sita walipokuta senyenge, mlinzi, na kibao cha kukataza kupita. Nyuma ya senyenge mashine ilikuwa inatoboa mwamba. Laurensia alimuuliza mlinzi kama wameyafikia maji. Mlinzi akamwambia bado, mama, bado kidogo. Pengine alitania, pengine hakujua kitu. Laurensia aliibeba habari hiyo hadi nyumbani pamoja na ndoo tupu. Tangu siku hiyo, kila nyumba yake ya miti na tope ilipomomoka upande mmoja kwa unyevu, aliukandika akisema tuvumilie, wakimaliza kupima watatuletea. Kifua kilianza kumbana mvua za mwaka huo. Mganga wa zahanati alimwambia ahame pale penye maji. Ahamie wapi?

Masika ya mwaka sabini na saba Balozi Kisyeri alinunua betri, wakaitoa redio ya Telesphory nje kama zamani, juu ya kinu. Saa saba ikaja taarifa. Baada ya salamu za viongozi na habari za mechi, msomaji akasema kwamba utafiti wa miaka mitano, uliofanywa kwa mitambo ya kisasa kwa ubia na kampuni rafiki, umethibitisha kuwapo kwa dhahabu katika eneo la Mawe Meupe, na kwamba wananchi wachache waliokuwa jirani walihamia vijijini kwa hiari yao wenyewe.

Watu wakamgeukia Telesphory. Walingoja akohoe, ateme mate. Hakukohoa. Neno lake la miaka yote lilikuwa pale, tayari, na kwa mara ya kwanza lilikuwa na mahali pake hasa, lakini alijua kwamba akilitamka atakuwa analitamka juu yake mwenyewe. Alisimama, akaiacha redio inaimba, akaenda kwa Laurensia.

Laurensia alikuwa amelala kwenye ngozi karibu na mlango, apate hewa. Mfuko wa khanga wenye udongo wa Waitara ulikuwa kichwani pake. Alijaribu kuketi kwa heshima ya shemeji, akashindwa.

"Wamesema nini leo?" aliuliza.

Telesphory alipiga magoti, jambo ambalo mwanamume wa umri wake halifanyi. Alimwambia yote, kwa utaratibu, kama anayetapika. Kwamba ndege haikuwa ya maji hata siku moja. Kwamba aliambiwa pale pale kwenye mawe, kabla ya Balozi kuja na viwanja. Kwamba yeye ndiye aliyewaonyesha mwamba, akapima kwa miguu yake kutoka kwenye zizi la kaka yake. Kwamba siku ile alipomuuliza mbele ya watu, alijua, na alimwambia maji.

Laurensia alisikiliza mpaka mwisho. Alipumua kwa shida mara mbili tatu. Halafu akamshika mkono, taratibu, kama unavyomshika mtoto aliyeota ndoto mbaya.

"Uongo," alisema.

"Laurensia, nakuapia."

"Uongo, shemeji. Wamekudanganya kama walivyotudanganya sote, na sasa unataka kubeba mzigo usio wako ili mimi nisife nikiwalaani. Wewe? Ungejua, ungeniambia." Alifumba macho. "Nenda kasikilize redio yako. Wakisema habari ya bomba, uje uniambie."

Telesphory aliapa tena, akataja jina la Waitara, akataja betri. Laurensia alitabasamu na macho yamefumbwa, akatikisa kichwa. Alikufa siku ya nne, kabla ya mchana, na kwenye msiba watu walisimulia jinsi alivyomwamini shemeji yake. Mlinzi aliwakataza wasimzike Mawe Meupe. Walimzika kwenye mfinyanzi, na kaburi lilikuwa linajaa maji wakati wanachimba, ikabidi Telesphory na Kisyeri wayachote kwa sufuria.